Aliyefungua Ndiye Afunge

Katika gazeti letu la muhula uliopita, mwenzetu mmoja alikisifu chama chetu cha kompyuta kwa kuandika programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba. Niliisoma habari ile kwa furaha, maana programu ile niliiandika mimi. Leo naomba nafasi katika kurasa hizi hizi nieleze kasoro yake, kwa kuwa si haki sifa itangazwe na aibu ifichwe. Tena nina maoni ambayo napenda walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu wayapime.

Maoni yangu ni haya: twafundishwa sana kuanzisha kazi katika kompyuta, lakini hatufundishwi kuikomesha. Na kazi ambayo haikukomeshwa sawasawa yaweza kumdhulumu mtu bila kupiga kelele hata kidogo.

Kwanza nieleze, kwa ajili ya wazazi na wale wasiosoma somo hili, jinsi programu ya namna hii inavyofanya kazi. Ukurasa ulio katika kioo cha kompyuta una vitufe. Kitufe chenyewe ni kama mlango tu. Hakijui la kufanya kikibonyezwa. Ili kitende kazi, ni lazima mwandishi wa programu akiwekee msikilizaji. Msikilizaji ni fungu la maagizo, ambalo wataalamu huliita fanksheni, linalokaa pale mlangoni likisubiri tukio. Kitufe kikibonyezwa, msikilizaji huamka akafanya alichoagizwa, kisha hurudi kusubiri tena. Mlango mmoja waweza kuwa na wasikilizaji wengi. Tukio likitokea huamka wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata jinsi walivyotangulia kuwekwa.

Lugha tuliyoitumia ni JavaScript. Ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape huko Marekani, na umbo lake la kwanza alilimaliza kwa muda wa siku kumi hivi. Amri ya kumweka msikilizaji huitwa addEventListener, na amri ya kumwondoa huitwa removeEventListener. Amri zote mbili zilitolewa pamoja katika kanuni za shirika la W3C, mwezi wa Novemba mwaka 2000. Zilizaliwa siku moja, wala hakuna iliyo mkubwa wa mwenzake. Lakini sisi katika chama chetu tulijifunza ile ya kwanza kwa majuma mengi, na ile ya pili tuliisoma kwa dakika chache kengele ya chakula ikiwa karibu kugongwa.

Sasa nieleze yaliyotokea.

Programu yangu ilikuwa hivi. Mwanafunzi akifika maktaba, kiranja wa maktaba hulifungua jina lake katika ukurasa, huandika namba ya kitabu, kisha hubonyeza kitufe kilichoandikwa "Azima". Kila jina lilipofunguliwa, programu ilikiwekea kitufe kile msikilizaji mwenye kumkumbuka mwanafunzi yule. Jina lilipofungwa, programu ilimwondoa msikilizaji, ili mwanafunzi afuataye awekewe wake. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Niliijaribu kwa jina langu mwenyewe. Nilifungua jina, nikaazima kitabu, nikafunga. Ukurasa ulionesha kitabu kimoja. Niliupakia ukurasa upya nikajaribu tena, nikaona kitabu kimoja. Nikamwambia mwalimu wetu kwamba kazi imekwisha.

Siku ya kwanza ya kuitumia walikuja wanafunzi 9, na kila mmoja aliazima kitabu kimoja. Ilikubaliwa kwamba tungoje vitabu vile virudi kwanza ndipo tuendelee. Baada ya majuma mawili wote 9 walikuwa wamekwisha kuvirudisha, na kila kitabu kilifutwa katika jina la yule aliyekirudisha. Basi hapakupaswa kuwa na deni lolote. Lakini orodha ya wadaiwa ilipochapwa, ilitoka na majina 8. Aliyekuwa na deni kubwa kuliko wote ni kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mgeni kabisa shuleni, ambaye kompyuta ilisema ana vitabu 8.

Kijana alikataa. Alisema aliazima kimoja na kukirudisha. Aliulizwa, "Basi kompyuta inasema uongo?" Hakuwa na jibu. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, na ninaona haya kukumbuka maneno niliyoyasema. Nilisema, "Kompyuta haina sababu ya kumwonea mtu." Aliagizwa amlete mzazi.

Mama yake alifika siku ya tatu. Alikuwa ameacha palizi shambani, naye alikuja na fedha zilizofungwa katika pindo la khanga, tayari kulipa. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaniitikia kwa upole, "Marahaba mwanangu." Alisomewa orodha ya vitabu vile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, vitabu hivi kwa kawaida hukaa wapi?" Akaoneshwa rafu. Akasema, "Naomba tuvitazame pale kwanza."

Tulikwenda rafuni. Vitabu vyote 8 vilikuwapo.

Mwalimu alimwomba mama radhi papo hapo, na orodha ile ikachanwa. Mimi nilibaki na kazi ya kutafuta kosa. Nilikaa mbele ya kompyuta mpaka jioni bila kuona kitu. Aliyenisaidia ni yule yule kijana niliyemfanya mwongo. Alikuja akaniambia, "Kaka, siku ile mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Labda ndiyo sababu." Niliipanga ile orodha upya kwa kufuata jinsi watu walivyofika, badala ya kufuata vidato. Mambo yote yakawa wazi. Wa kwanza alikuwa ameandikiwa vitabu 9, wa pili 8, wa tatu 7, na hivyo hivyo kama ngazi, mpaka wa mwisho ambaye aliandikiwa kimoja. Jumla ilikuwa vitabu 45, na hali vilivyotoka maktaba ni 9 tu. Kila mtu aliandikiwa kitabu chake pamoja na vitabu vya wote waliomfuata. Aliyewahi kufika ndiye aliyeadhibiwa zaidi.

Nilikifungua kivinjari cha Chrome mahali pale pa watengenezaji, ambapo pana amri iitwayo getEventListeners yenye kuwahesabu wasikilizaji. Nilifungua na kufunga majina matatu, kisha nikahesabu. Nilitazamia nisimkute hata mmoja. Niliwakuta watatu, wote wazima, wote wakisubiri kitufe kibonyezwe.

Kosa lilikuwa katika mistari hii miwili. Wa kwanza ni wa kumweka msikilizaji, na wa pili ni wa kumwondoa:

kitufe.addEventListener("click", () => azimisha(mwanafunzi));

kitufe.removeEventListener("click", () => azimisha(mwanafunzi));

Itazameni vizuri. Maneno yaliyomo ndani ya mabano ni yale yale, herufi kwa herufi. Mtu yeyote angesema kwamba aliyeondolewa ndiye aliyewekwa. Walakini kwa JavaScript sivyo. Kila mara fanksheni inapoandikwa hivyo, bila jina na kwa alama ya mshale, kompyuta huumba fanksheni mpya. Zafanana kwa kila kitu, lakini ni mbili. Ni kama Kulwa na Doto. Ukimwajiri Kulwa alinde mlango, kisha ukamwandikia Doto barua ya kuachishwa kazi, Kulwa ataendelea kulinda, wala hana kosa. Na Doto atakuwa ameachishwa kazi ambayo hakuwa nayo.

Basi kanuni ni hii. Ili msikilizaji aondoke, ni lazima mambo matatu yawe sawa na yalivyokuwa siku alipowekwa. Jambo la kwanza ni aina ya tukio. La pili ni fanksheni yenyewe, yaani ile ile na si mfano wake. La tatu ni ile alama iitwayo capture, ambayo huamua kama msikilizaji ataamka tukio linaposhuka kutoka juu ya ukurasa au linapopanda kutoka chini. Aliyewekwa kwa alama hiyo hawezi kuondolewa bila alama hiyo.

Wengine hudhani kwamba kuipa fanksheni jina kwatosha. Hakutoshi, ikiwa jina hilo latolewa upya kila mara ndani ya kazi ya kufungua. Utakuwa unazaa watoto wengi na kuwaita wote Kulwa. Vile vile wale wanaotumia bind wajihadhari, maana kila bind huleta fanksheni mpya. Ukiitumia wakati wa kuweka, na ukaitumia tena wakati wa kuondoa, umerudi kule kule kwa Doto.

Lakini jambo lililoniumiza zaidi si hilo. Ni kimya. Amri ya removeEventListener isipomkuta msikilizaji uliyemtaja, haisemi neno. Haioneshi kosa, haitoi onyo, wala haiisimamishi programu. Na ikimkuta ikamwondoa, vile vile haisemi neno. Mwandishi wa programu hawezi kujua, kwa kuitazama tu amri hiyo, kama imefanya kazi au haikufanya. Mimi nilikisikia kimya kile nikakidhania kuwa ni ndiyo. Hapo ndipo kosa la mistari miwili lilipogeuka kuwa dhuluma kwa mtu.

Nilitengeneza hivi. Niliandika fanksheni moja tu, nikaipa jina azimishaKitabu, nikaiweka nje ya kazi ya kufungua na kazi ya kufunga, mahali ambapo zote mbili zaiona. Fanksheni hiyo haimkumbuki mwanafunzi yeyote. Kitufe kikibonyezwa, hutazama kwanza jina la nani liko wazi wakati huo, kisha humwandikia yeye peke yake. Na kama hapana jina lililo wazi, haiandiki kitu. Kwa njia hii, hata mtu akisahau akaiweka mara mbili, hapana hasara, kwa sababu kivinjari hukataa kumweka mara ya pili msikilizaji yule yule aliyekwisha kuwekwa kwa tukio lile lile. Niliijaribu tena kwa majina 9, na vitabu vilivyoandikwa vilikuwa 9.

Ziko njia nyingine pia. Kama kazi ni ya mara moja tu, msikilizaji huwekwa kwa sharti la once, naye hujiondoa mwenyewe akisha kuamka. Na kama wasikilizaji ni wengi, tangu mwaka 2021 vivinjari vikubwa vimekubali kwamba wote wafungwe kwa kamba moja iitwayo signal, inayotoka kwa AbortController. Ukiikata kamba ile mara moja, wote huondoka pamoja. Njia hii ni nzuri kwa msahaulifu kama mimi, maana huna haja ya kumkumbuka kila mmoja. Wahitaji kuishika kamba tu.

Najua kwamba wako wenzangu wasiokubaliana nami. Mmoja katika chama chetu aliniambia kwamba najisumbua bure, maana ukiupakia ukurasa upya wasikilizaji wote huondoka. Asemayo ni kweli, nayo ndiyo yaliyonidanganya nilipokuwa nikijaribu programu yangu. Lakini nani atakayekumbuka kuupakia upya ukurasa baada ya kila mwanafunzi? Kiranja wa maktaba huuwasha asubuhi, naye huuzima jioni. Tena kurasa nyingi za siku hizi zimeandikwa ili zikae wazi kutwa nzima, huku sehemu zake zikibadilishwa ndani kwa ndani. Katika kurasa za namna hiyo, wasikilizaji waliosahauliwa hurundikana. Kila mmoja hushikilia vitu alivyopewa avikumbuke, mpaka nafasi ya kompyuta ikajaa na ukurasa ukawa mzito. Kwa hiyo, hata pale ambapo hapana mtu aliyedhulumiwa, kuna mashine inayochoshwa. Sisi wenye kompyuta chache na za zamani twapaswa kuwa wa kwanza kuliangalia jambo hilo.

Mwingine alisema kwamba mambo ya kuondoa ni ya wataalamu, na kwamba wanafunzi yatutosha kujua kuweka. Hayo siyakubali kabisa. Nani katika sisi angemsifu mtu ajuaye kuwasha moto asiyejua kuuzima? Mwanafunzi wa zamu ya jikoni hufundishwa yote mawili siku ile ile. Vivyo hivyo mwanafunzi akifundishwa addEventListener siku ya Jumatatu, yafaa afundishwe removeEventListener siku hiyo hiyo ya Jumatatu, aandike zote mbili, kisha ahesabu wasikilizaji aone kwa macho yake kwamba hapana aliyebaki.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa wenzangu wa chama cha kompyuta. Tusiijaribu programu mara moja tukaridhika. Tufungue, tufunge, kisha tufungue tena kwa jina la mtu mwingine, bila kuupakia ukurasa upya. Makosa mengi ya namna hii hayaonekani mara ya kwanza. Huonekana mara ya pili, na mara ya tatu huonekana zaidi. Laiti ningejaribu kwa majina mawili tu, ningeliona kosa langu kabla ya kumgusa mtu yeyote.

La pili ni kwa walimu wetu. Katika maonesho ya mwisho wa mwaka, alama hutolewa kwa programu inayong'aa kwenye kioo. Naomba zitengwe alama kwa ajili ya yale yasiyoonekana: je, mwandishi ameondoa alichokiweka? Je, amefunga alichokifungua? Mwanafunzi hufuata alama zinakokwenda. Zikiwekwa huko, atakwenda huko.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni kwa shule nzima. Mwanafunzi asiadhibiwe, wala mzazi asiitwe, kwa orodha ya kompyuta peke yake. Kwanza mtu aende rafuni akatazame. Sisemi kwamba kompyuta zisiaminiwe. Daftari la karani nalo lina makosa yake, na wino nao humsingizia mtu. Lakini daftari likikosewa twaona mahali palipofutwa, twautambua mwandiko, na tunamjua wa kumwuliza. Orodha ya kompyuta hutoka safi, herufi zake zimenyooka, haina mahali palipofutwa, nayo huonekana kama ukweli wenyewe hata ikiwa imebeba uzembe wa kijana wa Kidato cha Tatu aliyesoma kwa haraka kengele ikikaribia. Mama yule hajapata kugusa kompyuta. Walakini swali lake moja, la kuuliza vitabu hukaa wapi, lilikuwa na maana kuliko maneno yetu yote ya siku ile. Kwenda rafuni kulituchukua muda mfupi sana. Yeye kufika shuleni kulimpotezea siku nzima ya palizi.

Yako makosa ambayo sikuyataja, nayo yote ni yangu. Programu ingeweza kukataa namba moja ya kitabu isiandikwe kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Ingeweza pia kukataa mtu asipewe vitabu zaidi ya kiasi kinachoruhusiwa na maktaba. Sasa imefundishwa yote mawili. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami sikuacha kuandika programu. Lakini kila nikimweka msikilizaji sasa, kabla sijaandika neno lingine, naandika kwanza mstari wa kumwondoa.

Kijana yule amejiunga na chama chetu muhula huu. Tumempa kazi ya kuzijaribu programu kabla hazijatumika, naye hufungua na kufunga mara nyingi mpaka wenye programu wakachukia. Mimi namwona kuwa ndiye mtu anayehitajika zaidi katika chama. Nilimwomba radhi kwa mdomo, naye alinisamehe. Lakini kwa kuwa alishukiwa mbele ya watu, naona inanipasa nimwombe radhi mbele ya watu pia, yeye pamoja na mama yake, na wale wenzake 7 ambao majina yao yalitoka katika orodha ile. Hamkuwa na deni lolote. Deni lilikuwa langu.